Jina Lililoitwa Mara Tatu

Karani wa mahakama alitokeza mlangoni, karatasi mkononi, akaita, "Mayige Mboje!"

Watu waliokaa kwenye benchi la nje walitazamana, kila mmoja akimtafuta Mayige usoni mwa mwenzake. Milembe hakumtazama mtu. Alikaa mwisho kabisa wa benchi, kopo la mafuta ya kupikia mapajani, na ndani ya kopo mlikuwa na stakabadhi saba zilizokunjwa mara nne nne kama dawa ya mganga.

"Mayige Mboje!"

Mayige alikuwa mumewe. Alikuwa na miezi minane ardhini, nyumbani Sapiwi, upande wa zizi, na minyaa iliyopandwa kuzunguka kaburi ilikuwa imeshashika.

"Mayige Mboje, mara ya tatu!"

Milembe alibana midomo hadi mataya yakamuuma. Kwao, jina la marehemu likiitwa mlangoni haliitikiwi. Anayeliitikia amesema nipo, njoo unichukue. Mama mkwe wake, Wilhelmina, alikuwa na kisa cha mtu aliyeitikia jina la kaka yake aliyezikwa, tena kwa mzaha, kwenye pombe. Hakuuona mwezi mwingine ukiandama. Milembe alikuwa na watoto wanne. Akalishika kopo kwa mikono miwili, akanyamaza.

Karani akaandika kitu, akarudi ndani.

Milembe akaendelea kungoja aitwe yeye. Waliitwa watu wa mbuzi, watu wa mipaka ya mashamba, na mwanamke mmoja aliyemtukana mke mwenzake kisimani. Saa tisa mlango ukafungwa kwa kufuli. Hakuna aliyeita Milembe. Akarudi nyumbani akiamini kwamba kesi imempita, kama mvua inavyoweza kunyesha shamba la jirani na kuliacha lako.

* * *

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua pamba. Ushirika ulikuwa umekaa kama ng'ombe aliyechoka. Dawa haukuleta, mbegu ulileta zikiwa zimechelewa. Ndipo Joakim Mahona alipofungua ghala mjini Bariadi, akakopesha watu dawa, mbegu, bomba la kupulizia, hata plau, kwa ahadi ya kulipwa kwa pamba. Mayige alitia dole gumba kwenye mkataba wa shilingi laki moja na arobaini na nane elfu. Pamba ikaota vizuri, Mayige akashikwa na homa, na ilipofika kuvunwa, bei ilikuwa imeanguka na mwenyewe amelala chini ya minyaa.

Joakim alikuja msibani na gunia la mchele. Siku ya tatu akakaa na mjane wakapatana: elfu kumi na mbili kila mwezi hadi deni liishe. Milembe alilipa. Aliuza karanga, akauza michembe ya viazi, kuku, mbuzi mmoja aliyekuwa na mimba. Miezi saba hakuruka hata mmoja.

Kisha ikaja samansi yenye jina la Mayige. Marcelo, karani wa ghala la Joakim, akamwambia, "Ni utaratibu tu, mama Anna. Nenda na stakabadhi zako siku hiyo, utaziona faida zake." Ndiyo maana alikwenda na kopo.

"Ulinyamaza?" Wilhelmina aliuliza jioni ile, akichambua mlenda kizingitini.

"Nilinyamaza, mayo," Milembe akajibu; ndivyo walivyomwita mama kwao.

"Mara zote tatu?"

"Zote."

"Umefanya vema, mwanangu." Kisha mikono ya bibi kizee ikasimama juu ya ungo. Alikuwa bibi wa vitendawili. Watoto wa jirani walimjia kila jioni wategewe. Tangu msiba hakuwa ametega hata kimoja. "Kitendawili," akasema polepole.

"Tega," akajibu Anna, binti wa kwanza wa Milembe, aliyekuwa darasa la tano.

"Mwenyewe kaondoka, chake kimebaki kwenye midomo ya watu."

"Jina!"

"Jina," akasema Wilhelmina. Akatazama upande wa zizi. "Na mwenyewe akilisikia likiitwa, na hakuna wa kumjibu, anakaa wapi?"

Akarudi kuchambua mlenda.

* * *

Siku ya tisa akaja dalali wa mahakama, mtu mnene aitwaye Salu, akiwa na mgambo mmoja na daftari.

"Mwangaluka, mayo," akasalimu vizuri, maana alikuwa mtu wa huko huko.

"Mwangaluka, baba. Karibu kiti."

"Kiti nitakiandika kwanza, halafu nitakikalia." Akacheka peke yake. Akampa Anna karatasi. "Soma, binti, mimi miwani nimeiacha mjini."

Anna alisoma kwa sauti ya shuleni, mkono mmoja nyuma. "Kwa kuwa mdaiwa aliitwa mara tatu na hakutokea wala hakutoa sababu, mahakama imesikiliza upande mmoja na kuamuru alipe shilingi laki moja na arobaini na nane elfu, pamoja na gharama shilingi elfu ishirini na moja..."

"Angetokeaje?" Wilhelmina aliuliza.

"Hilo muulize hakimu, bibi. Mimi ni miguu tu."

"Lakini nalipa!" Milembe alikwenda ndani mbio akaleta kopo. "Ona. Saba. Themanini na nne elfu nimeshatoa. Imebaki sitini na nne."

Salu alizitazama stakabadhi bila kuzigusa, kama mtu aliyeonyeshwa kidonda. "Hizi ni nzuri sana, dada yangu. Ungezionyesha siku ile."

Akapita nyumba nzima akihesabu kwa sauti: sufuria nne, moja imetoboka, plau moja, baiskeli haina gurudumu la mbele. Akachungulia chini ya kitanda cha mjane. Mgambo akafunua hata chungu cha mlenda, akakifunika. Mwishowe wakaenda zizini.

Walikuwamo maksai wawili, ndio waliolima shamba lile tangu Anna akiwa mgongoni. Mayige aliwaita Siasa na Kilimo.

"Siasa ni yupi?" Salu aliuliza, kalamu tayari.

"Mwenye pembe iliyovunjika."

"Ningejua bila kuuliza." Akaandika. "Wanakaa uani kwa mahakama siku kumi na nne. Majani yao mia tano kwa siku, juu yenu. Deni lisipolipwa, Jumamosi ya pili wanapigwa mnada."

Mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa Mwanhuzi. Asiye na maksai msimu ule angelima kwa jembe la mkono nusu eka, na nusu eka haikulishi watu sita, sembuse kulipa deni la mtu. Milembe aliwatazama wakipita karibu na kaburi. Kilimo alisimama pale, akanusa minyaa, akakataa kwenda. Mgambo akampiga fimbo tatu ndipo akaondoka.

Tangu siku ile Milembe alianza kusikia. Akipepeta, ungo uliita. Bomba la kupulizia dawa lilining'inia darini pale pale mumewe alipolitundika, na upepo ukilitikisa lilitoa mlio mwembamba: Mayige, Mayige, Mayige. Aliliteremsha akalizungushia gunia. Likaita ndani ya gunia.

Mama mkwe wake naye aliamka siku moja macho mekundu. "Nimemwona," akasema. "Amesimama na vumbi la njiani miguuni. Anasema, nilifika kule nilikoitwa, mama, nikakuta benchi limejaa watu wa nyumbani na hakuna aliyesema nipo."

"Mayo, wewe ndiye uliyenifundisha nisiitike!"

"Mimi ndiye." Bibi kizee alijifunika kanga kichwani. "Nilikufundisha ya nyumbani. Ya mahakamani sikuyajua."

* * *

Mwezi ulipotimia, Milembe alikwenda ghalani kwa Joakim na elfu kumi na mbili zake. Mtu mwingine angezificha. Yeye aliona kuwa ahadi ni ahadi, na pengine wakiona pesa wangeona haya.

Marcelo alizihesabu, akalowesha kidole, akazihesabu tena. Akaandika stakabadhi ya nane, akaigonga muhuri.

"Mbona mnapokea," Milembe akauliza, "na maksai wangu wamefungwa?"

"Hizi ni za mpango, mama Anna. Zile ni za hukumu."

"Deni si ni moja?"

"Deni ni moja. Mafaili ni mawili." Marcelo alishusha sauti. "Sikiliza. Tajiri mwenyewe benki imemshika koo. Walitaka orodha ya wadaiwa wote iende mahakamani. Watu thelathini na mmoja, nimepiga chapa mwenyewe siku moja. Majina nilinakili kutoka kwenye mikataba."

"Mlimshtaki mtu mliyekuja kumzika. Ulikula wali pale kwangu, Marcelo."

Kijana alitazama muhuri wake. "Mkataba una jina lake. Ningeandika la nani?"

Kutoka pale akaenda mahakamani. Karani, dada mmoja mwembamba aitwaye Scola, ndiye aliyekuwa ameita siku ile. Alizisoma stakabadhi zote nane, tena kwa makini, na uso wake ukabadilika.

"Mama, hii kesi mngeshinda. Siku ile ulikuwa wapi?"

"Hapo nje. Kwenye benchi."

"Hapo? Na nikaita mara tatu?"

"Uliita vizuri, nilisikia."

"Sasa mbona hukuitika?"

"Uliniita mimi?"

Scola alizikunja stakabadhi, akamrudishia. Alikuwa mtoto wa Meatu, kwenye mwiko ule ule, huenda alielewa. "Hukumu ya upande mmoja hutenguliwa," akasema kwa upole. "Unaleta maombi, na barua ya mtendaji wa kijiji kwamba mzee amefariki. Ijumaa nitaita tena. Akiitika mwenye haki, mheshimiwa atasikiliza. Asipoitika mtu, Jumamosi ni mnada."

"Utaita jina gani?"

"Lililo kwenye jalada. Sina lingine."

"Huwezi kuniita Milembe?"

"Wewe hujashtakiwa, mama."

Ada ya maombi ilikuwa shilingi elfu moja na mia tano. Milembe alikuwa na elfu moja na mia mbili. Alitoka nje akamwomba mama mmoja muuza maandazi amkopeshe mia tatu.

"Nikufahamu wapi?" mama maandazi akasema. Akamtazama kutoka juu hadi chini, macho yakatua miguuni. "Acha hizo kandambili."

Watu wa benchi wakacheka. Milembe akavua, akalipa ada, akatembea hadi Sapiwi pekupeku, na njia nzima alikuwa akijiuliza swali moja: nani ataitika?

* * *

Shemeji yake Ndaki, mdogo wake Mayige, aliitwa akaja. Alipewa michembe kwenye sahani, akala nusu kabla ya kusema neno.

"Kwenda, shemeji, naenda," akasema. "Kusindikiza nasindikiza. Hata kusimama mlangoni nasimama. Ila kuitika..." Akakohoa. "Unajua kifua changu."

"Kifua chako kilianza lini?"

"Nina watoto tisa, shemeji."

"Mimi ninao wanne."

"Ndiyo maana nasema tusikimbilie wakubwa." Ndaki alitafuna, akameza. "Anna ni damu yake. Anajua kusoma, hawezi kuwaogopa wale. Na mtoto jina halimshiki sana, linateleza. Aitike Anna."

Anna alikuwa mlangoni na kibuyu cha maji. Alimtazama mama yake tu, kama anayengoja kutumwa dukani.

Milembe aliinama, akaiondoa sahani ya michembe mbele ya Ndaki, mkono wa shemeji ukiwa bado hewani.

"Njia unaijua," akamwambia.

Wilhelmina, aliyekuwa pembeni, akamuaga, "Mwadila, mwanangu. Wasalimie." Ndaki akaondoka bila kunawa.

Ijumaa alfajiri Milembe alioga maji baridi, akavaa gauni la kanisani, akambusu mtoto wa mwisho aliyekuwa amelala. Alikuwa ameshaamua na hakumwambia mtu. Alipotoka nje akamkuta mama mkwe wake amesimama na fimbo yake, kanga mbili zimefungwa kiunoni kama mtu wa safari ndefu.

"Wapi, mayo? Mjini ni mbali."

"Nakwenda kuwaona maksai."

"Miguu yako..."

"Miguu yangu imemleta Mayige duniani, haitashindwa na Bariadi."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kulitamka jina lile. Milembe akaangalia nyuma. Zizi lilikuwa tupu.

* * *

Benchi lilikuwa lile lile. Joakim Mahona naye alikuwepo, kofia mkononi, amekonda; aliposalimu hakuna aliyemkatalia salamu, lakini hakuna aliyemsogezea nafasi. Nyuma ya jengo Siasa alilia mara moja.

Scola alitokeza. Aliwaona wale wanawake wawili, na kwa muda akawa kama asiyetaka kuisoma karatasi yake.

"Mayige Mboje."

Milembe alitaka kuitika pale pale, lakini sauti haikuja. Alimwona Mayige, si kwa macho. Alimwona kama unavyomwona mtu aliyesimama nyuma yako jua likiwa mgongoni mwake. Vumbi miguuni. Anangoja.

"Mayige Mboje."

Aliwafikiria watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Akamfikiria Anna na kibuyu cha maji.

"Mayige Mboje, mara ya tatu."

"Nipo!"

Sauti zilikuwa mbili. Milembe aligeuka. Mama mkwe wake alikuwa ameshasimama, fimbo imeshikwa kwa mikono yote miwili, kidevu juu.

"Mayo! Kaa chini!"

"Kaa wewe. Wewe una watoto."

"Nimeshaitika!"

"Na mimi nimeshaitika. Jina hilo nililitoa mimi, likitafuta mtu linajua nyumba lilikotoka."

Benchi zima liligeuka. Hata mama maandazi alishusha beseni lake. Scola akawashika wote wawili mikono akawaingiza ndani.

Hakimu alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Mayige Mboje ni nani kati yenu?"

"Amefariki, mheshimiwa," Milembe akasema. "Mimi ni mjane wake. Huyu ndiye mama yake."

Hakimu alisoma barua ya mtendaji. Akasoma stakabadhi moja moja, akazipanga mezani kwa tarehe. Akamtazama Joakim, na Joakim akaitazama kofia yake.

"Ni kweli umepokea hizi?"

"Ni kweli, mheshimiwa. Ilikuwa orodha. Sikuipitia."

"Miezi yote hii," hakimu akasema, akivua miwani, "mbona hakuna aliyeiambia mahakama kwamba mtu huyu ni marehemu?"

"Hukuuliza, mheshimiwa," Wilhelmina akamjibu. "Uliita."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma. Mahakama haimhukumu marehemu. Hukumu imetenguliwa, maksai warudishwe, majani yao alipe aliyeshtaki. Deni lililobaki, shilingi hamsini na mbili elfu, litaendelea kulipwa kwa mapatano yale yale.

"Mapatano haya yaandikwe sasa kwa jina la aliye hai," akasema. "Karani, andika. Jina nani?"

Kalamu ya Scola ikangoja. Milembe alijua maana yake: siku akikosa mwezi mmoja, litakaloitwa pale mlangoni ni lake.

"Milembe," akasema.

Alitia dole gumba, akalifutia kwenye gauni la kanisani.

Nje, mama maandazi alimwita. "Zichukue, zimenijazia meza." Milembe alitoa mia tatu, akapewa kandambili zake na andazi moja juu. Akamwinamia mama mkwe wake akamvisha miguuni. Bibi kizee alikataa, kisha akaacha kukataa.

* * *

Waliwaswaga maksai hadi walipoacha barabara wakaingia kwenye njia ndogo ya Sapiwi. Siasa na Kilimo hawakuhitaji kuonyeshwa, walitangulia. Jua lilikuwa limeshuka, na vivuli vilirefuka mbele yao.

Njia ile ni ya mtu mmoja. Upande huu mabua ya pamba ya mwaka jana, upande ule miiba. Milembe alisimama. "Pita, mayo."

"Pita wewe."

"Siwezi kukuacha nyuma."

Wilhelmina hakuuliza kwa nini. Aliyeitikia jina la marehemu hawi wa mwisho njiani; wa mwisho ndiye anayeshikwa bega. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

"Nimekula chumvi nyingi," bibi kizee akasema. "Mimi nikae nyuma. Akinishika, ananishika mwanangu."

"Na mimi akinishika, si mume wangu?"

Walisimama pale kama watoto wanaogombania mlango. Maksai walikuwa wanazidi kwenda. Ndipo Milembe akaingia kwenye mabua, pekupeku, yakamchoma, akasimama sambamba na mama mkwe wake. Wilhelmina akamtazama, naye akasogea akaweka mguu mmoja upande wa miiba. Wakashikana mikono, wakaanza kwenda bega kwa bega, kila mmoja nusu yuko njiani na nusu yuko nje.

"Kitendawili," Wilhelmina akasema baada ya muda.

"Tega."

"Kaitwa mmoja, wameitika wawili, nyumbani wanarudi wangapi?"

Milembe alisikiliza. Nyuma yao, mabua waliyoyakanyaga yalikuwa yakinyanyuka moja moja, yakilia polepole, kama yanavyolia mtu anapopita. Hakugeuka. Aliukaza mkono wa mama yake.

"Nimeshindwa, mayo. Nikupe mji gani?"

"Nami sina jibu, mwanangu," bibi kizee akasema. "Twende tu. Tutahesabiana mlangoni."